Mjomba na Messerschmitt ya Kihispania

Mjomba alipokuja Uingereza kututembelea, London hakuitaka. Maghorofa kashayaona kwenye televisheni, alisema. Yeye alitaka mashine. Nikampeleka Duxford, karibu na Cambridge, siku ya maonyesho ya ndege za zamani. Mzee huyu kazeekea gereji za Mombasa, lori huujua ugonjwa wake hata haijaingia getini.

Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, ilipita chini chini. Nyuma yake ikaja Messerschmitt, hasimu wake wa Kijerumani, pua ya njano, misalaba myeusi mabawani. Watu wote simu juu. Mjomba akafumba macho.

"Mwanangu, huyu Mjerumani mbona ananguruma Kiingereza?"

Nikacheka. Lakini zilipotua, fundi mmoja pale uwanjani akatwambia mzee kasema kweli. Ndege ile ni Buchón, imeundwa Seville. Wahispania walipewa ruhusa ya kuunda Messerschmitt, Vita vya Pili vya Dunia vikawakatia injini za Kijerumani, na miaka ya 1950 wakaishia kuzifunga injini ya Kiingereza, Rolls-Royce Merlin, jamii ileile ya injini ya Spitfire. Akatuonyesha mabomba ya moshi: yamepangana juu, ubavuni mwa pua. Kwenye Messerschmitt ya vitani yako chini, maana injini yake ilifungwa kichwa chini miguu juu.

Filamu ya Battle of Britain, ya vita vya angani vya Waingereza na Wajerumani mwaka 1940, ilipopigwa mwaka 1968, jeshi la anga la Uhispania lilikuwa ndiyo kwanza linaziweka kando ndege hizi. Wapiga filamu wakazizoa. Ncha za mabawa zikakatwa, mkiani zikatiwa nguzo za uongo, ili zifanane na Messerschmitt za 1940. Kidevu kile kinene cha Merlin chini ya pua hakikufichika. Mimi filamu hiyo nimeiona tangu utotoni na sikukigundua hata siku moja. Hapo hapo Duxford walilipua banda zima la ndege kwa ajili ya kamera, na nafasi yake ingali wazi.

Mjomba hayo ya sinema hayakumshika. Aliuliza plagi ngapi, nikamtafsiria: 24, mbili kila silinda. Akaguna. Akauliza oili, akauliza vipuri vinatoka wapi, akainama kuchungulia mvujo mdogo chini ya tumbo la ndege, akaugusa kwa kidole na kuunusa.

"Muulize," akanambia, "kama wanaandika mafundi."