Kwadi ya binti yangu: ikipata moto inazima

Jumamosi ya kwanza

Naanza kuandika hii kwa sababu kichwa changu hakishiki tena, leo nafungua kitu kesho sikumbuki bolti ilitoka wapi. Mradi wenyewe ni kwadi ndogo (pikipiki ya magurudumu manne) ya binti yangu wa miaka 11, ya Kichina, cc 110, haina kupanga gia, ukiweka mbele inaenda mbele ukiweka nyuma inarudi, stata ya kubonyeza. Nimeinunua kwa jamaa mmoja aliyekuwa anahama huku Kigamboni, ilikuwa imelala chini ya mkorosho mwaka mzima bila hata turubai, tairi zote chini, siti imeliwa na panya. Bei ya kuchekesha ndo maana nikabeba. Mke wangu kaiangalia ikishushwa kwenye toyo akaniuliza, "Baba nanihii, hii umenunua au umetupiwa?"

Kinachonipa moyo ni injini. Silinda imelala kwenda mbele, mchoro uleule wa Honda Super Cub iliyoanza kuuzwa 1958, kwa hiyo hamna cha ajabu humo ndani, fundi yeyote wa pikipiki mwenye umri umri hivi ameshawahi kuifungua.

Leo nilikuwa na kazi moja tu, haiwaki. Nimeweka betri nyingine stata inazungusha fresh, lakini plagi ukiitoa ukaigusisha kwenye kichwa cha injini ukabonyeza stata, hamna cheche hata ya kusingizia. Kabla sijakimbilia kununua CDI (kile kiboksi cha umeme kinachoamrisha cheche) nikachomoa waya mweusi wenye mstari mweupe, huo ndo waya wa kuzimia, ukigusa bodi cheche inakatika. Nimeuchomoa tu, cheche hiyo hapo, ya bluu, inalia ta ta ta. Basi CDI nzima, koili (inayopandisha umeme wa plagi) nzima, ugonjwa uko kwenye swichi. Hizi kwadi za watoto zina swichi mbili za kuzima, ya kwenye usukani na ile ya nyuma yenye kamba, mzazi anaishika kamba, mtoto akipitiliza unavuta injini inakufa. Ya nyuma nikaifungua, chumvi tupu, hewa ya bahari ya huku haina huruma na chuma, kibati cha ndani kimeganda upande wa kuzima. Nimekisugua kwa msasa, nimepaka grisi kidogo, springi nimetoa kwenye kalamu ya wino nikaikata. Kishawishi cha kuiacha bila hiyo swichi kilikuwepo maana bila yenyewe inawaka vizuri tu, ila anayepanda ni mtoto, nikairudisha.

Imewaka. Kwa choki tu (ile ya kuwashia injini ikiwa baridi). Ukirudisha choki inakufa.

Jumapili

Kabureta. Bakuli la chini nimelifungua nikakuta kitu kama asali imegandia, harufu ya vanishi, ndo petroli ya mwaka mzima hiyo. Inawaka kwa choki halafu inakufa ukiitoa, maana yake mafuta ya sailensa (injini ikiunguruma bila kubonyezwa mafuta) hayafiki, jeti ndogo, kile kitundu chembamba cha kupitishia petroli, imeziba, na ilikuwa imeziba kweli, ukiiweka juani huoni mwanga unapita. Watu wanatoboa kwa waya wa breki, mimi nimetumia uzi mmoja wa waya wa umeme wa kopa, ni laini kuliko shaba ya njano ya jeti kwa hiyo hautanui tundu. Petroli ya zamani nimemwaga, mpira wa mafuta mpya, chujio jipya.

Sailensa imetulia yenyewe bila choki. Binti kazunguka nyumba mara nne na helmeti kubwa kuliko kichwa chake, skrubu ya kuzuia mafuta pale kwenye kibonyezo nimeikaza mpaka inatembea kama bibi anaenda sokoni. Analalamika. Alalamike tu.

Jumamosi ya pili

Nilidhani nimemaliza. Leo tumeipeleka uwanjani, dakika 7 au 8 hivi ikaanza kukohoa ikazima, stata inazungusha haiwaki. Nikafungua mfuniko wa tangi nipime mafuta, nikasikia fyuuu, hewa inaingia ndani. Hapo hapo nikajua. Tangi likikosa pa kupumulia, mafuta yanatoka mpaka ndani panakuwa na mvuto kisha hayashuki tena, kama chupa ya maji uliyoiziba na kidole. Kale kamrija ka hewa juu ya mfuniko nimekachokonoa kakatoka kidonge cha udongo mkavu, nyigu alijenga humo! Mwaka mzima chini ya mkorosho, sio mchezo.

Imewaka. NIMEMALIZA, mradi umefungwa.

Jumapili, siku moja baadaye

Nafuta kauli. Dakika 15 uwanjani, imezima tena. Mfuniko nimefungua, hamna fyuu yoyote. Tumesukuma mpaka nyumbani, binti anasukuma nyuma amenuna, mimi mbele kwenye mchanga jasho linanitoka, na kwadi hizi ni nzito nyie zisikieni tu. Tumefika, nimekunywa maji, nimebonyeza stata, imewaka mara moja kama hamna kilichotokea.

Wiki nzima ya kupoteza hela

Naiandika kwa ufupi maana inaniuma. Fundi wa bodaboda hapa kijiweni kasikia "ikipata moto inazima ikipoa inawaka" hakuniacha nimalize, "Bosi hiyo CDI hiyo, ikipata moto inakata." Jumatatu baada ya kazi nikapitia Gerezani pale Kariakoo, nikanunua CDI. Inazima. Jumatano nikarudi kuchukua koili na plagi mpya C7HSA. Inazima. Ijumaa nikajikuta nimesimama kwenye pantoni na kabureta nzima mpya kwenye mfuko wa rambo, naangalia maji ya mkondo najiuliza hivi mimi nina akili kweli. Kabureta nimefunga Jumamosi asubuhi. Dakika 15, imezima.

Sikatai kwamba CDI na koili huwa zinakufa kwa joto, zipo nyingi hivyo na dalili ni hizihizi. Kosa langu ni kwamba kila kipimo nilikuwa nakifanyia nyumbani, baada ya kuisukuma nusu saa, na nusu saa imeshapoa. Cheche ipo, mafuta yapo, kila kitu kizima, kwa sababu ndo muda ambao haiumwi.

Jumapili ya tatu: nimepeleka spana uwanjani

Leo nimebeba begi, spana ya plagi namba 16, bisibisi, kitambaa kinene, chupa ndogo. Binti kaendesha, mimi nimekaa na saa. Dakika ya 14 ikaanza kupoteza nguvu, ya 16 ikazima. Sijasukuma popote, nimeanza pale pale.

Cheche: ipo, ya bluu, nzuri tu ikiwa moto. Yaani CDI ya zamani iliyoko kwenye droo ilikuwa haina kosa lolote, na koili yake.

Mafuta: skrubu ya kumwagia chini ya bakuli la kabureta nimelegeza, petroli imetoka kwenye chupa bila kukatika. Yapo. Na plagi imelowa kidogo, kwa hiyo mafuta yanafika hadi ndani.

Sasa nikaweka kidole gumba kwenye tundu la plagi, kitambaa kimezunguka kwa sababu panaunguza, nikamwambia binti bonyeza stata. Ikiwa imepoa ile injini inakirusha kidole, pah, huwezi kukizuia. Leo ikawa inapumua tu kidoleni, fuu, fuu, kama mtu anapuliza chai. Nikakaa chini kwenye mchanga nikacheka peke yangu. Binti anauliza "Baba umeona nini?" nikamwambia haina pumzi, ikipata moto inaishiwa pumzi.

Angalizo kwa atakayeiga, plagi kwenye kichwa cha aluminiamu ikiwa moto itoe taratibu, ikikataa usilazimishe, ukiharibu nyuzi za pale utalia.

Jumatatu jioni

Nimeazima geji ya kompresheni, yaani ya kupima hiyo pumzi, kwa fundi (hakuuliza habari za CDI, na mimi sikusema). Imepoa: 140 psi. Nimeiwasha nikaiacha iungurume kwenye stendi nampa mafuta kidogo kidogo mpaka ikazima: 65. Nikamwaga kijiko cha oili kupitia tundu la plagi nikapima tena, 70, karibu palepale. Ingekuwa ringi za pistoni ndo zimechoka ile oili ingeziba na namba ingeruka juu. Haikuruka, kwa hiyo pumzi inatokea kwenye valvu, ile milango miwili ya silinda, mmoja wa kuingiza hewa na mafuta, mwingine (ekzosi) wa kutoa moshi.

Na valvu iliyo nzima ikipoa lakini inavuja ikipata moto, jambo la kwanza ni tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya shina la valvu na roka, mkono unaoisukuma. Valvu ya ekzosi inapata moto kuliko zote, shina lake linarefuka. Kama hamna nafasi kati ya roka na shina, likirefuka halina pa kwenda, valvu inabaki imeachia kidogo, haifungi. Ikipoa inajifupisha, inafunga, injini inakuwa malaika tena. Ndo hadithi yote ya wiki tatu hiyo.

Jumanne alfajiri

Tapeti zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa ndo maana nimeamka saa kumi na moja kabla ya kazi. Vifuniko viwili vya namba 17, cha juu ni cha valvu ya kuingiza, cha chini ni cha ekzosi na hicho ukikifungua oili inadondoka, weka kopo. Kushoto kwenye mfuniko wa magineti kuna vizibo viwili, kimoja cha kupitishia soketi ya kuzungusha, kingine kidirisha cha kuonea alama. Unazungusha kinyume na saa mpaka herufi T ikae sawa na mkato, pistoni ikiwa juu kwenye kubana, na hapo roka zote mbili zinatakiwa zicheze kidogo kwa kidole.

Ya juu inacheza. Ya chini haichezi, imekaza kama imechomelewa. Nikadhani nimekosea, labda niko kwenye mzunguko mwingine, nikazungusha duara zima nikarudi kwenye T, sasa zote mbili zimekaza. Nikazungusha tena, ya juu inacheza ya chini haichezi. Imenichukua dakika nzima kuelewa kwamba sijakosea popote, nilikuwa naangalia ugonjwa wenyewe. Fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.05 kwa juu inapita na ukinzani kidogo, kama unavuta karatasi chini ya kitabu. Kwa chini hata ya 0.04 haigusi mlango.

Nati namba 9, nimelegeza, nimerudisha skrubu, fila ya 0.05, nimekaza huku nimeishika skrubu isigeuke (inageuka, mara tatu imegeuka, nimetukana kimoyomoyo watoto wamelala). Nimezungusha duara mbili, nimepima tena, 0.05 zote. Nimefunga, nimeongeza oili iliyodondoka. Gharama: sifuri. Fila geji ninayo toka 2019.

Jumamosi

Dakika 52. Nimeizima mimi, haijazima yenyewe. Kompresheni ikiwa moto hivyo hivyo, 135. CDI, koili na kabureta za zamani nimezirudisha zote moja moja, na bado dakika 40 na ushee inatembea, kwa hiyo sasa nina spea mpya za kuuza kama kuna mwenye shida.

Wiki mbili baadaye

Imetembea kama saa sita jumla. Leo alfajiri nimepima tena: ya juu 0.05, ya ekzosi imeshuka, ya 0.04 inapita ya 0.05 haipiti. Hiyo siipendi. Maana yake kiti cha valvu kinaendelea kuliwa na valvu inazama, taratibu lakini inazama. Nimeirudisha 0.05 na nimeandika namba kwa maka pen chini ya siti pamoja na tarehe. Ikishuka tena kwa kasi hiyo nafungua kichwa nisage valvu. Gasketi nimeshaulizia, ipo Gerezani, safari hii sinunui mpaka nimepima.

Binti anaulizia ile skrubu ya kuzuia mafuta. Nimemlegezea robo mzunguko.