Nilivyofundisha ujasiriamali kwa watu wazima Tanga kwa simu, kompyuta moja na nyenzo huria

Darasa ninaloliongelea lilikuwa na watu 22: wakaanga samaki wa soko la Deep Sea, wapika vitumbua na wauza juisi wa Ngamiani, mafundi cherehani wawili wa Makorora, na kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa cha Sahare. Tulikwenda wiki nane, kukutana mara moja kwa wiki kwa saa mbili, na katikati ya wiki masomo mafupi ya sauti. Simu janja zilikuwa 13, waliobaki tisa wanatumia viswaswadu. Mahali tulipokutania hapakuwa na intaneti. Naandika vifaa, hatua na makosa, ili anayetaka kuanzisha darasa la namna hii Pangani au Muheza asipoteze muda nilioupoteza mimi.

Kabla ya kifaa chochote, tazama mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti, mzigo unapungua sokoni na wakaangaji wanapata nafasi. Vipindi virefu vya vitendo nikavipanga siku hizo, na siku za giza nikabakiza masomo ya sauti tu. Ijumaa mchana hapagusiki. Ramadhani mpika vitumbua ana kazi kuliko mwezi mwingine wowote, kwa hiyo usimwite darasani, mpe zoezi la kuandika hesabu, maana ndio mwezi wenye namba nyingi. Na siku ya kwanza kabisa tamka kwamba posho hakuna. Ukinyamaza, wiki ya tatu nusu ya viti vitakuwa vitupu na hutaambiwa sababu.

Nyenzo nilizichagua kwa kusoma leseni kabla ya kusoma somo lenyewe. Kitu cha bure na kitu huria ni vitu viwili. Video ya YouTube unaiangalia bure, lakini leseni yake ya kawaida haikupi ruhusa ya kuipakua, kuikata na kuigawa. Nyenzo huria ni ile ambayo mwenyewe amekwisha kuandika ruhusa hiyo, mara nyingi kwa leseni za Creative Commons, ambazo zilianza kutolewa mwaka 2002. Vifupisho vyake vya kukariri ni vinne: BY, mtaje mwenye kazi, SA, ukiibadili itoe kwa leseni ileile, NC, usiifanyie biashara, ND, usigawe uliyoibadili. Yenye ND niliiacha hata ilipokuwa nzuri, kwa sababu kutafsiri ni kubadili.

Chanzo kikuu kilikuwa kitabu cha Entrepreneurship cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, kilichotoka mwaka 2020 kwa leseni ya CC BY 4.0. Hiyo ndiyo leseni nyepesi: tafsiri, punguza, ongeza, hata uza, mradi umtaje mwenyewe. Cha pili ni kozi fupi za OpenLearn za The Open University ya Uingereza, nyingi zikiwa BY-NC-SA. Cha tatu ni Business Model Canvas, ule ukurasa wa visanduku tisa wa Alexander Osterwalder, ambao uko BY-SA 3.0. Mtego uko kwenye kuchanganya. Kazi ya BY unaweza kuiingiza popote, lakini ya BY-SA na ya BY-NC-SA huwezi kuziyeyusha katika somo moja, kwa kuwa kila moja inadai somo jipya litoke kwa leseni yake. Nikazitenga: ukurasa wa visanduku ukawa somo lake peke yake. Kila faili niliipa mstari wenye jina la kazi, mwenye kazi, ilikotoka, leseni yake, na neno "imebadilishwa". Kwenye sauti nilitamka hayo mwishoni, sekunde kumi tu.

Ruhusa ya kubadili ilinisaidia kuliko huo ubure wenyewe. Kutoka kitabu cha mamia ya kurasa nilichukua mambo manne: gharama za kudumu na gharama zinazopanda na kushuka, hesabu ya kurudisha gharama, kumjua mteja, na mzunguko wa hela. Habari za wawekezaji wakubwa na aina za kampuni za Marekani nilizikata, nikaweka kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao (andaa namba ya NIDA mapema), TIN yaani namba ya mlipakodi, na leseni ya halmashauri. Rasimu ya kwanza niliitafsiri kwa mashine. Sentensi zilipendeza machoni, lakini ile hesabu ya kujua uuze vingapi ndipo gharama irudi iliitwa "kuvunja hata", neno kwa neno kutoka "break even" ya Kiingereza. Mashine haijui kwamba watu wana maneno yao: mzigo, mali kauli, kudunduliza, kijumbe. Tangu hapo hakuna somo lililorekodiwa kabla ya kusomwa kwa sauti mbele ya wafanyabiashara wawili. Waliposema "hapo sijakuelewa, mwalimu", sentensi ilifutwa.

Muundo wa masomo ya sauti niliuazima kwa wazee wetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha kwa redio: kikundi kinakaa, kinasikiliza, kiongozi anauliza, watu wanajadiliana kisha wanakwenda kutenda. Mimi nimebadili redio tu, nikaweka memori kadi. Kila mwenye kiswaswadu alipangwa na mwenye simu janja jirani yake.

Somo moja ni dakika 4 hadi 5, na linaishia kwa swali moja la kwenda kulifanyia kazi. Nilirekodi kwa simu, chumbani, madirisha yamefungwa, feni imezimwa na blanketi limening'inizwa ukutani nyuma yangu. Upepo wa bahari ukiingia kwenye maikrofoni hakuna programu itakayoutoa wote. Anza kwa sekunde tano za ukimya kabla ya kusema neno. Audacity, programu huria ya kuhariri sauti, inahitaji kipande cha kelele tupu ili ijue cha kupunguza. Halafu toa faili ya MP3, chaneli moja, kilobiti 48 kwa sekunde. Dakika tano zinakuwa kama MB 1.8 na sauti ya mtu inasikika vizuri kabisa. Kwa nini MP3? Kwa sababu viswaswadu vingi hukataa faili za sauti zinazotoka moja kwa moja WhatsApp. Kadi isizidi GB 32 na iandaliwe kwa mfumo wa FAT32, na majina ya faili yaanze na 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3, somo la 10 litapigwa kabla ya la 2.

Kwenye WhatsApp fungua makundi mawili. La masomo, waandikaji wawe viongozi tu. La pili liwe la mazungumzo. Ukiwa na moja, kesho yake asubuhi somo limefukiwa na salamu, dua na matangazo ya misiba, na mtu mzima hawezi kurudi nyuma jumbe 140 kulitafuta.

Darasani nilitumia Kolibri, programu huria ya Learning Equality inayofanya kompyuta moja kuwa maktaba bila intaneti. Menyu zake zipo kwa Kiswahili. Nilikuwa na kompyuta mpakato iliyotumika, yenye RAM ya GB 4. Masomo nilipandisha Kolibri Studio, tovuti yake ya kuandalia masomo, nikiwa penye mtandao mzuri (inapokea MP3, MP4, PDF na mazoezi), nikachapisha, nikapewa tokeni, yaani msimbo wa kuyaita masomo hayo, nikaingiza tokeni hiyo kwenye kompyuta, na masomo yakashuka. Ukichukua chaneli (mikusanyiko ya masomo) za watu wengine chagua somo mojamoja. Ukibonyeza chaneli nzima bando litakwisha kabla hujafika nusu.

Siku ya kwanza darasani karibu kila kitu kiligoma, na sababu zote zilikuwa ndogo. Hotspoti ya Windows inapokea vifaa visivyozidi 8, wa tisa anagonga bila kufunguliwa. Kwa watu zaidi ya hapo tumia ruta ya kawaida isiyo na laini, iunganishe na kompyuta kwa waya. Mkiwa wachache kwenye hotspoti, simu zinafungua anwani 192.168.137.1:8080 kwenye kivinjari. Kwenye ruta anwani ni nyingine, utaiona ndani ya Kolibri yenyewe, iandike ubaoni kwa herufi kubwa. Ukurasa usipofunguka kwa mtu yeyote, ulinzi wa Windows umezuia: iruhusu Kolibri kwenye mitandao ya faragha na ya wazi. Usipofunguka kwa baadhi tu, simu zao zimeona Wi-Fi haina intaneti zikarudi kwenye data kimyakimya. Zima data, funga, fungua tena. Tatizo hili la mwisho lilinila dakika 40, na ndilo litakalokusumbua kuliko mengine yote.

Sasa hesabu, ambako ndiko darasa lilikokuwa. Tulichukua vitumbua vya siku moja. Mchele kilo 2 kwa 2,800, jumla 5,600; sukari nusu kilo 1,500; mafuta 3,000; nazi mbili 2,000; mkaa 2,000; hamira na iliki 700. Jumla 14,800. Vinatoka vitumbua 110 vya shilingi 200. Ukimuuliza mpikaji faida yake kabla ya zoezi, kichwani ana mchele, sukari na mafuta peke yake, 10,100. Vitumbua 110 ni 22,000, basi faida 11,900. Nazi hazihesabu kwa kuwa ameangua mtini kwake. Mkaa hauhesabu kwa kuwa ni wa gunia la nyumbani. Hapo usibishane. Uliza: "Bi mkubwa, nazi hizi ungempelekea muuza nazi angekupa ngapi?" Akisema 2,000 mwenyewe, ameshaziandika. Kisha vitumbua 10 vilivyoliwa na watoto na jirani, 2,000. Kodi ya meza, 500. Kwenye 22,000 toa gharama zote 14,800, kisha hizo 2,000 na 500: kinachobaki ni 4,700.

Namba hiyo ikishakaa ubaoni, ndipo mkopo wa kausha damu unaeleweka bila hotuba. Chukua 100,000, urejeshe 130,000 kwa siku 26: ni 5,000 kila siku. Anayepata 4,700 analipa 5,000. Zile 300 zinazopungua, pamoja na chakula cha nyumbani, zinatoka kwenye mtaji. Tena hiyo 100,000 hukai nayo mwezi mzima. Unaanza kuirudisha kesho yake, kwa hiyo kwa wastani unatumia kama nusu tu ya ulichokopa huku unalipia yote.

Daftari lilikuwa na safu tano: tarehe, kilichoingia, kilichotoka kwa biashara, kilichotoka kwa nyumbani, na wadaiwa. Safu ya nyumbani ndiyo wanayoikwepa, nayo ndiyo inayomaliza mitaji. Jioni mtu anapiga picha ukurasa, ananitumia mimi peke yangu. Usiziweke kundini: wadai na wadaiwa wamo humohumo. Wenye simu janja walihamishia namba kwenye jedwali la kompyuta, LibreOffice Calc, na kosa likawa lilelile kila mara. Tumezoea kuandika 5,600/= na ukiandika hivyo kwenye kisanduku, programu inaona maneno. Jumla inaruka kisanduku hicho bila kukuonya, na faida inapanda kwa uongo. Andika 5600 tupu, ukaguzi wa haraka ni kwamba namba hukaa upande wa kulia na maneno upande wa kushoto.

Anayelipwa kwa simu hapaswi kuandika kila kitu upya. Menyu za *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money zinampa taarifa ya miamala, ailinganishe na daftari kila Jumapili. Inafaa laini ya biashara iwe peke yake. Namba ya siri mwalimu asiione hata kama mtu mzima anakuomba umsaidie kubonyeza.

Waliouliza "haya yote ya nini, mwalimu, si kuwaonyesha TRA tu?" nilijibu kwa jedwali la kodi lililowekwa mwaka 2019. Mauzo ya 20,000 kwa siku 250 ni milioni 5. Mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na 7 asiye na kumbukumbu alipangiwa 100,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu, asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 30,000. Siku hiyo madaftari yalinunuliwa.

Wiki nane zilipokwisha, masomo nilimwachia kijana wa kibanda cha kuingizia nyimbo kwenye kadi, maana ndiko watu wanakopita. Anatoza kuingiza, na hapo leseni zilirudi tena. Nikamtengenezea folda moja tu, yenye masomo yaliyotoka OpenStax na somo la ukurasa wa visanduku, kwa sababu BY na BY-SA hazikatazi mtu kujipatia hela. Yaliyotoka OpenLearn, yenye NC, hayamo. Hayo wanayapata kwangu bure, waje na kadi zao.