Namba 24

Mwaka 2013 nilikabidhiwa kompyuta 60 za Windows 7 na imeji moja, yaani nakala ya mfumo mzima, ya kuzitunza zote. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa kubadili tona na kuchomoa karatasi zilizokwama kwenye printa, kwa hiyo kazi hiyo niliipokea kama mtu aliyepewa unahodha.

Lalamiko la watumiaji lilikuwa moja. Mtu akiondoka mezani kompyuta inalala. Akirudi akagusa kipanya, inaamka bila mtandao, na mtandao haurudi mpaka achomoe waya na kuuchomeka upya. Chanzo nilikiona upesi. Kwenye sifa za kadi ya mtandao, upande wa umeme, kuna kisanduku kinachoiruhusu Windows kuizima kadi ili kuokoa umeme, na mashine huja nacho kikiwa na tiki. Kadi zetu zikishazimwa zilikuwa hazijui kuwaka.

Nikaondoa tiki kwenye mashine mama, ile ya kunakiliwa, nikaipitisha Sysprep, programu ya Windows ya kuiandaa mashine inakiliwe, nikanasa imeji, wikendi yote nikawa naipakia kwenye mashine moja baada ya nyingine. Jumatatu asubuhi nikafungua ya kwanza nijiridhishe. Tiki ipo. Ya pili, ipo. Nilipofika ya kumi niliacha kuhesabu, nikaenda kwa mzee wetu wa seva.

"Mwanangu, Sysprep uliipitisha na generalize?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi mipangilio ya kadi umeitupa mwenyewe."

Akanieleza taratibu, bila kunicheka, jambo ambalo namshukuru hadi leo. Hatua ile ya generalize huifutia mashine mama kila kitu kinachoihusu yeye peke yake, vifaa vikiwemo. Nakala inapowaka mara ya kwanza, huikuta kadi kana kwamba imechomekwa siku hiyo. Draiva, programu inayoiendesha kadi, inasimikwa upya, na mipangilio inatoka kwenye faili ya INF, maelekezo ya usimikaji aliyoyaandika mtengenezaji. Mimi nilidhani tiki iko ndani ya Windows, kumbe ilikuwa mali ya kadi moja tu, ile ya mashine mama.

Ipo njia ya kuiambia Sysprep ivibakize vifaa: unaandika PersistAllDeviceInstalls kwenye faili ya majibu, ile inayoiambia Windows cha kufanya wakati wa usimikaji. Lakini hiyo inafaa pale mashine zinapofanana, na zetu zilikuwa za aina mbili, 41 za toleo moja na 19 za jingine. Nikawaza kuihariri INF yenyewe. Mzee akatikisa kichwa: ukigusa herufi moja, sahihi ya kidijitali ya draiva inavunjika, na Windows ya biti 64 itaikataa.

Ikabaki rejista, daftari ambamo Windows huweka mipangilio yake. Chini ya Control\Class kuna fungu lenye jina refu linaloanza na 4D36E972, na ndani yake kila kadi, ya kweli au ya kubuni, ina namba yake: 0000, 0001, 0002 na kuendelea. Kwenye namba ya kadi yako unaweka thamani iitwayo PnPCapabilities, na ukiipa 24, tiki inaondoka baada ya kuwasha upya. Kadi ya mashine mama ilikuwa 0007. Nikaandika kwa mkono faili ya .reg, inayoingiza thamani kwenye rejista, dword:00000024, nikaijaribu kwenye mashine moja. Windows ikanijibu kwamba imefanikiwa. Nikawasha upya. Tiki ipo.

Nilipoteza alasiri nzima hapo. Nilibadilisha draiva, nikabadilisha waya, nikaanza hata kuishuku swichi. Jioni ndipo nilipokumbuka kwamba faili za .reg huandika namba kwa heksadesimali, yaani kuhesabu kwa kumi na sita badala ya kumi. 24 yangu ilikuwa inasomwa 36, na 36 kwa kadi ile haikuwa na maana yoyote. Nilitakiwa kuandika 18. Kinachoniudhi mpaka sasa ni ule ujumbe wa kufanikiwa. Rejista inapokea chochote unachoipa, kisha inakushukuru.

Nikasahihisha, nikasambaza. Mashine 41 zikatii, 19 hazikujali. Kwenye zile 19, 0007 ilikuwa WAN Miniport, kadi ya kubuni ya Windows yenyewe, na kadi halisi ilikuwa imeangukia namba nyingine, kwa kuwa namba hufuata mpangilio wa vifaa kusimikwa. Safari hii sikuamini namba yoyote. Niliandika skripti inayopita fungu zima, inasoma DriverDesc, yaani jina la kifaa, ya kila namba, ikikuta jina la mojawapo ya kadi zetu mbili inaandika 24. Nikaiita kutoka SetupComplete.cmd, ambayo Windows huiendesha mwisho wa usimikaji kabla mtu yeyote hajaingia. Nikaipakia imeji upya. Mashine 60, tiki hakuna hata moja. Usiku huo nililala kama mtoto.

Wiki iliyofuata akaja kijana wa masasisho. Yeye kazi yake ilikuwa kuziamsha kompyuta usiku kwa pakiti maalumu, azisasishe, azilaze tena.

"Kaka, mashine zako haziamki."

"Ngapi?"

"Zote."

Nikafungua sifa za kadi mbele yake. Kisanduku cha kwanza kilikuwa kitupu, kazi yangu. Cha pili, kile kinachoiruhusu kadi kuiamsha kompyuta, kilikuwa cha kijivu, hakibonyezeki. Viwili hivyo vimefungwa pamoja: ukikiondolea tiki cha kwanza, cha pili kinakufa nacho. Na 24 inaviondoa vyote.

Tulikaa naye tukatafuta toleo jipya la draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji. Lilikuwepo, na tarehe yake ilikuwa ya kabla hata sijaigusa mashine mama. Maelezo yake yalisema limerekebisha kadi kupoteza mtandao baada ya kompyuta kulala. Tukaliweka kwenye imeji, skripti yangu nikaifanya maoni, isiendeshwe tena, mstari kwa mstari, maana kuifuta sikuweza.