Dakika zilivyoniokoa katika kupima ute wa mwani wa Paje

Shangazi yangu analima mwani Paje, Zanzibar, ambako kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989. Siku moja alinipa furushi la mwani mwembamba, mkavu, chumvi bado imeng'ang'ania kwenye matawi. "Mwanangu, jua lile lile, kazi ile ile, mbona mnene una bei kuliko huu?"

Tofauti imo kwenye ute, yaani karajinani, mnyororo mrefu wa sukari ya galaktosi uliobeba salfeti. Mwani mnene hutoa kapa, yenye salfeti moja kwa kila jozi ya sukari, na huganda ngumu. Mwembamba hutoa ayota, salfeti mbili, huganda laini. Nilitaka kuziona salfeti hizo kwa macho yangu.

Minyororo haina urefu mmoja, kwa hiyo kuipima mizima ni vurugu. Niliikata kwa kimeng'enya cha ayota ikawa vipande vya sukari nne nne, nikavipitisha kwenye kolamu ya kromatografia ya kimiminika, bomba linalovitenganisha ili kila kimoja kitoke kwa dakika yake, vikitoka viingie moja kwa moja kwenye spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa kipande ukigawanywa kwa chaji zake za umeme.

Mara ya kwanza chumvi ilinitesa. Vilele, yaani alama za vipande kwenye grafu ya mashine, vilifuatana kwa hatua za 11: sodiamu ikikaa pahala pa haidrojeni huongeza 22, na ioni zangu, yaani vipande vyenye chaji, zilikuwa na chaji mbili, hivyo 22 ikaonekana 11. Nikausafisha mchanganyiko kwa katriji ya kaboni. Ndipo kilele cha 474 kikasimama safi, kipande chenye salfeti nne kamili.

Lakini pembeni ilikuwepo 434. Pungufu ya 40, kwa chaji mbili ni 80, uzito wa salfeti moja. Nikafurahi sana, nikidhani nimepata kapa ndani ya ayota.

Nikarudi kutazama dakika za kutoka kwenye kolamu. Vilele vyote viwili vilitoka wakati mmoja, vikapanda na kushuka pamoja. Haiwezekani, maana kolamu ile hushika zaidi kipande chenye salfeti nyingi, kilichopungukiwa kingetangulia. Basi salfeti ilikuwa inadondokea ndani ya mashine, baada ya kolamu. Nilipopunguza volti na joto la mlangoni mwa spektrometa, 434 ikanywea ikabaki kidogo, bado dakika ile ile. Mizani peke yake ingenidanganya, na mimi ningempelekea shangazi uongo.

Sasa kwenye daftari naandika dakika kwanza, uzito baadaye. Furushi la Pemba limeshafika, na katriji za kaboni ninazo za kutosha.