Duka moja, karatasi mbili: kodi niliyokubali kuikwepa na niliyoikataa

Kukwepa kodi kwa njia halali nimefanya, na bado nafanya. Nalisema mapema ili msomaji asidhani nimekuja kuhubiri. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi, upande wa Kenya, moja ya komine (wilaya) za mji huu: saruji, mabati, misumari, mabomba, na zamani rangi pia. Nataka kueleza jinsi nilivyopokea ushauri wa mhasibu wangu, sehemu nikaikubali, sehemu nikaikataa.

Bila hesabu haya yote yatabaki maneno ya kijiweni, kwa hiyo nianze nazo. Sheria ya 2013 iliipa biashara ndogo nchini Kongo utaratibu wake, nao ndio nilioukuta. Mauzo yako ya mwaka yakizidi faranga milioni 10 lakini hayajafika milioni 80, unalipa asilimia 1 ya mauzo ukiuza bidhaa, au asilimia 2 ukitoa huduma. TVA, kodi ya ongezeko la thamani, hutozi. Ukifika milioni 80 unaingia dunia nyingine: unatoza TVA ya asilimia 16, unaipeleka DGI, ofisi ya kodi ya serikali, kila mwezi kabla tarehe 15 haijapita, na faida yako inakatwa asilimia 30.

Mwaka 2013 milioni 80 zilikuwa pesa nzito. Dola ilikuwa karibu faranga 920, kwa hiyo kiwango hicho kilikuwa kama dola 87,000. Kufika 2022 dola ilikuwa karibu faranga 2,000, na milioni zilezile 80 zimeshuka hadi dola 40,000 hivi. Sisi wa ujenzi tunafuata mali Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa dola. Kwa hiyo mimi sikukua kiasi hicho. Faranga ndiyo iliyosinyaa, na sheria ikaniita mkubwa. Hapo nilikuwa na hasira ya haki, na mtu mwenye hasira ya haki husikiliza ushauri wowote.

Mhasibu wangu ni kijana mwerevu. Alikuja na jibu tayari, akiniita patro, yaani bosi.

"Patro, hii haina nguvu. Tunafungua ingine kwa jina ya mama. Rangi na mabomba ziende kule, simenti na mabati zibakie huku. Hakuna hata moja itafika milioni makumi munane."

Na kweli, hakuna sheria aliyokuwa anaivunja mezani pale. Guichet unique, ofisi ya kusajili biashara, inatoa karatasi za kampuni mpya bila shida kubwa. Mama aliyemtaja ni mke wangu, na tangu Sheria ya Familia iliporekebishwa mwaka 2016, mke hahitaji tena ruhusa ya mumewe kufungua biashara. Kila karatasi ingekuwa na muhuri halali, kila kampuni ingelipa asilimia yake 1 kwa wakati. Nilimuuliza kama wengine wanafanya hivyo. Akacheka tu.

Nilikwenda kumwona baba mdogo, ambaye alitoka Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, mwaka 2003, wakati ule maelfu ya wafanyakazi walipoondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Huyo hana subira na serikali yoyote. Akaniambia: "Weye unahangaika na misumari! Wale wa migodi wanauzia shaba dada zao kule Ulaya, bei wanajipangia wenyewe, na sheria inawapigia saluti."

Hoja yake si ya mlevi. Mwaka 2015 jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki, rais wa zamani wa Afrika Kusini, lilisema Afrika inapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zinazotoroshwa, na njia kubwa mojawapo ni hiyo ya kuchezea bei kati ya kampuni ndugu. Lakini nilipokuwa narudi kwa miguu ndipo hoja yake iligeuka mikononi mwangu. Ni nini hasa kinachotukera kwa wale wakubwa? Si kwamba wanalipa kidogo. Kinachotukera ni kwamba shaba inaondoka hapa kwa lori, tunaiona kwa macho barabarani, huku fakitira, yaani ankara, inasafiri njia nyingine kabisa, inapita kwenye ofisi ambako hakuna aliyewahi kushika hata kipande cha jiwe. Karatasi inasimulia hadithi, mali inaishi maisha yake. Na mimi nilikuwa naombwa nifanye hilohilo kwa kipimo cha misumari. Maduka yangekuwa mawili kwenye karatasi, na mlango mmoja, kasha moja la pesa, ufunguo mmoja mfukoni mwangu. Mke wangu angetia sahihi tu.

Mpwa wangu anayesoma sheria UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, alinisaidia kwa mfano kutoka Uingereza. Katika miaka ya 1930 kabaila mmoja tajiri, Duke of Westminster, alimwandikia mtunza bustani wake hati ya kumlipa pesa kila wiki kama ahadi, badala ya mshahara, ili zipunguze kodi yake. Mzee wa bustani aliendelea na bustani yake kama jana. Mahakama ya juu ilisema ni sawa: kila mtu ana haki ya kupanga mambo yake ili alipe kodi kidogo, almradi sheria imeruhusu. Ilichukua hadi 1981, katika kesi ya Ramsay, majaji wa huko kusema kwamba wanaweza kutazama mpango mzima na si kila karatasi peke yake. Mpwa wangu alisimulia kwa furaha ya mwanafunzi. Mimi nilibaki namfikiria yule wa bustani, na nyasi ambazo hazikujua kama zinakatwa kwa mshahara au kwa ahadi.

Basi nikapata kipimo changu: niangalie kama jambo linaloandikwa lipo mtaani. Likiwepo, na sheria imelipunguzia kodi, nachukua punguzo bila aibu. Lisipokuwepo, siandiki, hata kama DGI haitajua.

Wapo watakaoniambia, kama mhasibu alivyoniambia, kwamba serikali hii hainijengei barabara. Hoja hiyo naiheshimu. Mvua ikinyesha nashusha saruji kwenye matope. Ila dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure Septemba 2019, wazazi hawamlipi tena. Anangoja hazina ya serikali, na hazina hiyo inangoja watu kama mimi. Tena, hata kama ningekuwa na haki ya kuigomea serikali, kugawa duka kwa karatasi si mgomo. Mgomo hufanywa hadharani.

Waliokuwa wakinisumbua zaidi ni majirani. Mwenye duka la pili kutoka kwangu alikuwa tayari anatoza TVA. Ningejigawa, ningeuza bati lilelile kwa bei ya chini kuliko yeye, na si kwa sababu nimenunua vizuri au najua wateja. Ni kwa sababu nina mke na mhasibu. Na yule mama anayeuza fungu za nyanya mbele ya duka, anayelipa ushuru wa meza yake kila siku kwa anayepita kukusanya, yeye atajigawa vipi? Hana mhasibu wa kumwambia kwamba nyanya za kushoto ni za shangazi yake.

Hivyo kugawa nikakataa. Sasa nije kwa nililokubali, maana nalo lina utamu wake.

Duka ni kampuni, lakini parseli, yaani kiwanja na jengo lake, ni yangu mwenyewe. Kwa miaka yote kampuni ilikuwa inakaa bure. Mhasibu akasema: kampuni ikulipe pango. Pango linapunguza faida, na faida ingekatwa asilimia 30. Pango mikononi mwako linakatwa asilimia 22, tena kodi hiyo ni ya jimbo. Asilimia 8 zinabaki nyumbani. Hapa nilipitisha kipimo changu nikaona kimejibu ndiyo: jengo lipo, kampuni inalitumia, na ningempangisha mtu mwingine angelipa. Swali likabaki bei. Mhasibu alipendekeza kiasi ambacho hakuna chumba cha biashara mtaa mzima kinalipiwa. Nilizunguka nikauliza wenye maduka jirani wanalipa ngapi, nikaandika bei ya katikati. Jioni ile mhasibu alinitazama kama mtu aliyemwaga maziwa. Lakini kwangu mkataba ulikuwa uleule, sheria ileile. Tarakimu moja tu ndiyo iliyotenganisha jambo la kweli na la kubuni.

Lori nalo nililiingiza vitabuni, lichakae huko kwa hesabu, sehemu ya thamani yake ikihesabiwa gharama kila mwaka, kama linavyochakaa njia ya Kasumbalesa. Fakitira za mafuta, matairi, mshahara wa mlinzi, vyote nikaanza kuvitunza kwenye boksi moja. Zamani nilizitupa. Nadhani nusu ya wafanyabiashara wanaotafuta ujanja wa kodi hawajawahi kudai hata kile ambacho sheria inawapa waziwazi.

Kuingia TVA hakukuwa kutamu. Wateja wa kujenga chumba kimoja walihesabu bei mpya wakaenda kwingine, na wengine hawajarudi. Mwezi wa kwanza pesa ya TVA ilikaa kwenye kasha ikinitamanisha, nikafungua akaunti ya pembeni isiyoguswa. Upande mwingine, TVA niliyokuwa nalipa kwa wauzaji wa jumla, ambayo zamani ilizama kwenye gharama, sasa naikata kwenye ile ninayopeleka DGI. Na kampuni ndogo zinazofanya kazi kwa ajili ya migodi zikaanza kuja, kwa sababu zinahitaji fakitira yenye TVA ili nazo zikate yao. Hazilipi haraka, lakini hununua kwa wingi.

Mwaka uliofuata mke wangu alisema anataka duka lake kweli. Alikuwa na akiba ya likelemba, mchezo wa kuchangishana pesa kwa zamu. Akapanga chumba Katuba, komine nyingine ya mji, akachukua rangi na brashi, akaajiri binti wa kwao, akajiandikisha kwa jina lake na analipa asilimia yake 1. Mimi nikaacha kuuza rangi. Mhasibu alipoona karatasi alipiga makofi: "Patro, si njo ile nilisemaka?"

Nikamwambia aende Katuba akaombe ufunguo kwa jina langu. Mimi mwenyewe sinao. Mteja wangu akitaka rangi namchukulia kule, kwa bei ya rafu na kwa fakitira, na mkopo mama watoto hanipi.