Mchicha wa majitaka, wiki ya tano: bati limeniponza

Nilifika maabara na mfuko wangu wa majani makavu ya mchicha, yapimwe metali, nikiwa na furaha. Fundi sanifu akauliza swali moja tu: "Umekaushia wapi?" Nikajibu kwa kujiamini: juu ya bati, uani, jua la Tabora mwezi wa nane halina mchezo. Akacheka. Bati lina mpako wa zinki, na zinki imo kwenye orodha ya metali ninazotaka kupima. Basi, sampuli zote nimezifukia.

Kwa aliyechelewa: matuta ni mawili, kila moja mita 2 kwa 4, hapa Ipuli. Moja hupata kila jioni ndoo mbili za lita 20 kutoka bwawa la mwisho la kutibia majitaka, jingine ndoo mbili za bomba. Mbegu moja, udongo uleule wa kichanga, mbolea hakuna.

Kwa macho mshindi anajulikana. Tuta la majitaka lina majani mapana, kijani kibichi cha kukolea. Piga hesabu: lita moja ikiwa na miligramu 20 za naitrojeni, kwa siku 35 tuta limekunywa gramu 28, sawa na gramu 60 hivi za urea. Mama jirani amenisimamisha mara mbili: "Mwanangu, huo unauza lini?" Bado, mama, nangoja vipimo. Nadhani ananiona mchoyo.

Ila unono wa jani hausemi lolote kuhusu kadimiamu, metali yenye sumu. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, inashauri kadimiamu kwenye maji ya kumwagilia isizidi miligramu 0.01 kwa lita, na kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.2 kwa kilo. Kadimiamu hupanda hadi kwenye jani kirahisi. Tumbaku, zao letu hapa, inasifika kwa hilo. Risasi, metali nyingine yenye sumu, ni mvivu, nyingi hubaki mizizini, na inayokutwa juu ya jani mara nyingi ni vumbi. Mimi nipo kando ya barabara, kwa hiyo kuosha si hiari.

Udongo wenye tindikali huachia kadimiamu zaidi. Majivu ya jikoni hupunguza tindikali, yangesaidia, mkono unaniwasha kuyamwaga, lakini yataharibu ulinganisho.

Jumamosi nachuma upya, kwa vidole, kisu kibaki ndani. Nitasuuza kwa maji ya bomba, kisha maji yaliyokenekwa (mvuke uliopozwa ukawa maji safi), nianike kwenye karatasi kivulini. Bati limerudi kwenye banda la kuku.