Kwa Nini Zodiac Alibadilisha Bastola

Muuaji wa mfululizo anapotumia silaha tofauti katika kila shambulio, wengi wetu huharakisha kusema kwamba anawakwepa wataalamu wa risasi. Mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu huacha mikwaruzo juu ya kila risasi inayopita, na mikwaruzo hiyo ikilingana katika matukio mawili, polisi hutambua kwamba silaha ni ile ile. Hoja hiyo ina uzito, lakini nikiipima kwa kesi ya Zodiac, muuaji wa kaskazini mwa California ambaye mpaka leo hajatambuliwa rasmi, naona haitoshi.

Tarehe 20 Desemba 1968 aliwaua vijana wawili kwenye barabara ya Lake Herman, karibu na Benicia, kwa risasi ndogo za .22. Usiku wa tarehe 4 Julai 1969, huko Vallejo, alimuua mwanamke na kumjeruhi kijana aliyekuwa naye, safari hii kwa bastola ya milimita 9. Mwezi Septemba, kando ya ziwa Berryessa, aliwatisha watu wawili kwa bastola kisha akawachoma kwa kisu. Tarehe 11 Oktoba alimpiga risasi dereva wa teksi mjini San Francisco, kwa bastola nyingine ya milimita 9, si ile ya Vallejo.

Kama lengo lilikuwa kuyatenganisha matukio hayo, basi yeye mwenyewe ndiye aliyeyaunganisha. Saa sita na dakika 40 usiku, muda mfupi baada ya shambulio la Vallejo, aliwapigia polisi simu, akataja bastola ya milimita 9 na kuongeza kwamba ndiye aliyewaua vijana wa mwaka uliotangulia. Barua alizoyapelekea magazeti mwishoni mwa Julai zilitaja hata chapa za risasi, Super X kwa tukio la kwanza na Western kwa la pili. Yaani kile ambacho mhalifu mwingine angekificha, yeye alikitoa kama hati ya umiliki. Kule Berryessa aliandika kwenye mlango wa gari la waathiriwa tarehe za mashambulio yaliyotangulia, na chini yake akabainisha kwamba la siku hiyo lilifanywa kwa kisu.

San Francisco ndiko hoja ya kujificha inakokaribia ukweli, kwa kuwa mwanzoni polisi waliyaona mauaji yale kama ujambazi wa kawaida. Hata hivyo, siku mbili baadaye alituma barua yenye kipande cha shati la marehemu kilicholowa damu.

David Berkowitz, muuaji aliyewatia hofu wakazi wa New York mwaka 1976 na 1977, alishikilia bastola moja ya .44 hata waandishi wakampa jina kutokana nayo, na ilipokamatwa ikawa ushahidi dhidi yake. Zodiac hakuhitaji silaha imtambulishe, kwa sababu barua zilifanya kazi hiyo. Kwa maoni yangu, ndiyo maana aliweza kuokota silaha yoyote iliyofaa mahali na saa ile, na kisu jioni ile ya ziwani kilikuwa sehemu ya maonyesho, sawa na kofia nyeusi ya kufunika uso aliyoivaa. Novemba 1969 ndipo alipoandika kwamba mauaji yake yajayo yangefanana na ujambazi au ajali, naye hangeyatangaza tena. Baada ya barua hiyo hakuna mauaji yaliyothibitishwa kuwa yake.